Mlinzi wa Mwaka wa Kwanza, na Maneno Niliyomnyima Mama

Kaka yangu Byamungu,

Kama macho yako bado yanachoka, soma nusu leo na nusu kesho. Barua haitakimbia.

Jumamosi hii theluji ya kwanza imeanguka hapa Columbia Heights, nyepesi, ya kuyeyuka kabla ya adhuhuri. Mama aliamka mapema, akatoa blanketi lile la kijani kabatini, akalikunja, akasimama nalo mlangoni kama mtu aliyesahau anakokwenda. Hakuna mechi ya kwenda. Alilirudisha. Nilijifanya sikuona, nikaendelea kuosha vikombe.

Tunajua uko South Dakota kwa mjomba, na kwamba unafanya kazi kiwanda cha nyama pamoja naye. Kila Jumapili mjomba anampigia Mama na kusema maneno yale yale: "Yuko, anakula, anaenda kazini." Wewe mwenyewe hujapiga tangu Mei. Mama anaamini umemkasirikia. Anaamini kuwa ulipoumia kichwa alikuwa na wewe nyumba moja na hakuona, na kwamba mama asiyeona hastahili kupigiwa simu. Sisi wawili tulijua sivyo. Kwa mwaka mzima tulijua, na tukanyamaza, wewe kule na mimi hapa.

Naandika barua hii wazi, kwenye jarida la vijana wa kanisa, kwa sababu kosa nitakalolisema linaweza kuwa la mtoto yeyote anayekaa kwenye viti vyetu vya nyuma. Kila mmoja wetu ni mdomo wa mama yake hospitalini, shuleni na ofisi ya nyumba. Kama utakasirika kwamba nimeiweka wazi, hasira hiyo naipokea.

Unakumbuka jinsi ulivyonifundisha mchezo wenu, ule mpira wa Kimarekani? Ilikuwa Agosti, wiki ile ulipochukuliwa na timu ya chuo kule Saint Paul. Mama alikuwa mezani anachambua maharage kwenye sinia. Ukamwomba kumi na moja.

"Ya nini?"

"Nimfundishe Neema ulinzi."

Ukapanga maharage kumi na moja upande mmoja wa meza, na punje kumi na moja za mahindi upande wa pili. Ukasema mahindi ndio wenye mpira, wanataka kusonga mbele. Wanapewa majaribio manne kusonga yadi kumi, wakishindwa wanautoa. Maharage ndio sisi. Sisi hatuna mpira na hatuutafuti sana. Kazi yetu ni kuwazuia wasipite. Kisha ukachukua harage moja ukaliweka nyuma kabisa, mbali na mengine.

"Huyu ni mimi. Mlinzi wa mwisho. Wakinipita mimi, nyuma yangu hakuna mtu."

"Nyuma yako kuna Mungu," Mama akasema bila kuinua macho. "Na urudishe maharage yangu."

Hukutarajiwa kucheza mwaka ule. Ulituambia mwenyewe kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukaa benchi, hupiga makofi, na hungoja wakubwa wamalize masomo. Lakini walinzi wawili wakubwa waliumia mazoezini kabla msimu haujaanza, wa tatu akafeli mitihani, na kocha akabaki na shimo nyuma. Akaliziba kwa watoto. Kati ya walinzi kumi na mmoja walioanza mechi ya kwanza, wanne mlikuwa wa mwaka wa kwanza.

Mlipigwa vibaya. Nakumbuka yule mwenye mpira wa timu ya pili alijifanya anampa mwenzake, nanyi wanne mkakimbilia upande huo wote pamoja kama kuku waliotupiwa mtama, naye akatembea upande wa pili na mpira wake, hata hakukimbia. Alifanya hivyo mara tatu. Tukirudi nyumbani kwa basi, wewe umeegemeza kichwa kwenye kioo, Mama alingoja mpaka tukavuka mto, halafu akasema, "Leo Mungu alikuwa na kazi nyingi." Ulijaribu kununa, ukashindwa. Tulicheka mpaka dereva akatutazama kwenye kioo.

Baadaye mambo yakageuka, na mpaka leo sijui nieleze vipi. Haikuwa kwamba mlijua zaidi ya wakubwa. Mlijua kidogo. Lakini mlikimbia. Mpira ulipokwenda kushoto, hata aliyekuwa kulia kabisa alikimbia kuufuata, kama vile hakuambiwa kwamba hataufikia. Hamkujua ni mpinzani gani anayesifika wala ni timu gani isiyofungwa. Walinzi wakubwa, ambao walishazoea kushindwa, wakaanza nao kukimbia, kwa sababu ni aibu kuachwa nyuma na watoto. Kufika Oktoba timu nyingine ziliacha kabisa kurusha mpira upande wako. Kocha aliwaambia wazazi siku moja, karibu na uzio, kwamba hawa wa mwaka wa kwanza hawajajifunza bado kuogopa. Nilimtafsiria Mama, na sote wawili tulilichukua kama sifa.

Mimi nilikuwa mtangazaji wa Mama. Yeye na blanketi lake la kijani na chupa ya chai ya tangawizi, mimi na daftari langu.

"Sasa mbona wamesimama?"

"Wanapanga, Mama."

"Kila baada ya hatua tatu wanapanga? Hawa watu wana vikao vingi."

"Ndivyo mchezo ulivyo."

"Na mbona hawampi mtoto wangu huo mpira?"

"Kazi yake si kupewa, Mama. Kazi yake ni kuwanyima wengine."

"Kuwanyima! Nimemlea miaka kumi na minane asinyime mtu."

Na wenzako walipoanza kukuita kwa herufi ya kwanza ya jina lako, na jukwaa zima likawa linapiga kelele "Bi! Bi!", Mama aligeuka akaniuliza kwa huzuni ya kweli, "Wanamwita mwanangu Bi? Bi nani?"

Jumapili mlikuja kula. Garrett, yule mtoto wa shamba la ng'ombe wa maziwa huko kaskazini, alijaa mlangoni mpaka Mama akasema, "Huyu mpeni kiti cha chuma." Yeye naye alikuwa mlinzi wa mwaka wa kwanza, anacheza mbele yako, na alikula fufu na sombe ya majani ya muhogo kwa mkono wa kushoto mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Ulimrekebisha. Alijifunza kusema "aksanti, Mama", na Mama akamwongezea sahani ya pili kwa neno hilo moja. Siku zile nilidhani ndivyo maisha yatakavyokuwa: Jumamosi jukwaani, Jumapili sufuria kubwa, na wewe unazidi kuwa mtu.

Sasa naingia kwenye ile mechi ya Oktoba.

Mpokeaji wao aliruka kudaka mpira. Wewe ulitoka nyuma kwa mbio zako zote ukamfikia angali hewani, kichwa chako mbele. Sauti ya kugongana ilifika hadi jukwaani, kama milango miwili ya gari inayofungwa kwa pamoja. Mpira ukamtoka. Watu wote wakasimama wakishangilia. Ukainuka, ukajipangusa, ukaanza kutembea kuelekea benchi la wapinzani.

Watu walicheka. Walidhani ni mzaha wa mtoto wa mwaka wa kwanza. Garrett alikukimbilia, akakushika bega, akakugeuza taratibu kama mtu anayegeuza ng'ombe njiani.

"Anakwenda kuwasalimu?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Anawasalimu."

Hilo lilikuwa neno la kwanza. Nililisema kabla hujaniomba chochote, kwa hiyo sitakubebesha wewe yote.

Baada ya mechi daktari wa timu alitaka kumwona mtu unayeishi naye, kwa kuwa hukulala bwenini kama wengine. Tulikuwa tunamfuata kwenye ule ukumbi mrefu, Mama ametangulia na chupa yake ya chai, ukanivuta mkono karibu na mashine ya vinywaji.

"Neema, utatafsiri. Lakini usitafsiri yote."

"Yote gani?"

"Ya kichwa. Ukimwambia Mama ya kichwa, basi, sichezi tena. Akisema hapana mimi siwezi kumpinga, unajua. Nikikaa benchi wiki tatu nafasi yangu inachukuliwa. Yule wa mwaka wa tatu amepona, ananingojea tu."

"Na kama kweli unaumwa?"

"Naumwa wapi? Nitazame. Niko fiti."

Nilikutazama. Jicho moja lilikuwa kubwa kuliko jingine kidogo, au nilidhani hivyo. Taa za mle ndani zilikuwa kali.

Daktari alikuwa mtu mpole, miwani yake ikining'inia shingoni. Jambo la kwanza aliuliza kama Mama angependa mkalimani. Angeweza kumpata mmoja kwa simu papo hapo. Wewe ukajibu haraka kwamba dada yako ndiye hutafsiri, amezoea. Akaniuliza mimi. Nikasema ndiyo, nimezoea. Na ni kweli nilikuwa nimezoea: nilianza nikiwa na miaka minane, mwezi wa kwanza tuliofika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikimwelezea mwenye nyumba kwamba jiko linavuja gesi. Mama alifundisha darasa la tatu kambini, Kiswahili chake ndicho hiki ninachoandikia, na Kifaransa anakijua. Lakini Kiingereza kilimkuta amechoka, na mimi nilikuwa karibu.

Daktari alisema polepole, akinyamaza baada ya kila sentensi ili nitafsiri. Alisema ubongo wako umetikisika. Alisema usicheze wiki mbili, na hata baada ya hizo usirudi kama dalili zipo. Akazitaja dalili: kuumwa kichwa, kutapika, kukimbia mwanga, kusahau vitu vidogo, hasira isiyo na sababu. Alimtazama Mama, si mimi, akasema wachezaji wachanga huficha ili wasipoteze nafasi, kwa hiyo macho ya nyumbani ndiyo anayoyategemea; akiona hata moja, apige simu, hata kama mwanawe anasema yuko sawa. Akasema pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kumharibu mtu maisha.

Kila aliponyamaza, nilisema kitu.

"Anasema amegongwa kidogo."

"Anasema apumzike."

"Anasema anywe maji mengi."

Mama alinigeukia. "Ni hayo tu? Mbona huyu baba amesema maneno mengi?"

"Kiingereza kina maneno mengi, Mama."

Akacheka. Alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Aksanti sana, Docteur, aksanti." Daktari alifurahi kuona ameeleweka. Aliniambia familia yangu ina bahati kuwa nami. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake unatazama sakafu.

Wiki zile mbili unazikumbuka kweli? Nauliza kwa sababu nyingine sidhani kama unazo. Ulifunga mapazia ya chumba chako mchana. Ulivaa kofia jikoni, ukasema taa ina kelele. Uliweka maziwa kabatini na mchele kwenye friji. Uliniuliza asubuhi moja, mara tatu kabla ya basi kufika, kama leo ni Alhamisi. Na siku Mama alipogonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, ulimfokea kwa sauti ambayo haijawahi kutumika nyumbani kwetu. Mama alisimama na ule mwiko mkononi. Alipika supu ya mifupa akakuachia mlangoni.

"Masomo yanamchosha," aliniambia. Halafu akanigeukia. "Neema, yule daktari hakusema kitu kingine?"

"Hapana, Mama."

Hilo nalo hukuniomba. Hukuwepo hata. Hilo ni langu mwenyewe. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nililisema, na jibu si zuri. Shuleni kwetu nilikuwa dada wa Bi. Wasichana ambao hawakuwahi kuketi nami waliniuliza kama nitakuwepo Jumamosi. Niliogopa kurudi kuwa mtu asiye na la kuulizwa. Na nilikuamini, kaka. Uliposema uko fiti niliamini mdomo wako kuliko macho yangu, kama vile macho yangu nayo yalihitaji mkalimani.

Kila asubuhi chuoni waliuliza unajisikiaje, ukajibu vizuri. Novemba ukarudi uwanjani. Walinzi wanne wa mwaka wa kwanza mkakamilika tena, na mechi ya kwanza mkashinda, mkarukiana kama watoto. Ya pili ndiyo ile. Watu wanaohadithia hudhani lilikuwa pigo kubwa. Halikuwa. Watu walirundikana, ukaingia chini, goti la mtu likakupata juu ya sikio, goti la mwenzako pengine. Wakainuka mmoja mmoja. Nilikuwa nawahesabia Mama kwa sauti wanapoinuka, na wewe hukuinuka.

Hospitali haikuniuliza kama nimezoea. Walileta simu yenye spika, wakaiweka kitandani karibu na miguu yako, na sauti ya mwanamke asiyetujua, Mtanzania nadhani, ikatafsiri kila neno, hata daktari alipoomba radhi kwa kukohoa. Kwa mara ya kwanza tangu tufike Marekani, Mama alisikia kila kitu. Wakamuuliza kama wiki zilizopita ulikimbia mwanga.

"Alifunga mapazia," Mama akasema. "Nilidhani ni masomo."

Kama ulisahau vitu. Kama ulikuwa na hasira.

"Ndiyo. Ndiyo." Kisha akafunika uso kwa kitambaa chake. "Nilikuwa naye nyumba moja. Mimi mama gani? Sikuona."

Sauti ile ya kwenye simu ikatafsiri hata hilo. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Ningeweza kusema wakati ule. Nilikunja mkono wa sweta yangu mpaka kiwiko, nikaukunjua.

Majira ya baridi yale unayajua kuliko mimi. Kurasa mbili za kitabu zilikushinda, ukaacha chuo. Garrett na wale wengine wawili wa mwaka wa kwanza walikuja Desemba na keki, wakakaa sebuleni na makoti yao, na hukutoka chumbani. Mama aliwalisha, wakaondoka. Machi mjomba akaja na gari, ukaweka begi lako nyuma. Uliniambia "baadaye, Neema" kama unakwenda dukani.

Mwanzoni ulipiga. Nilikuwa nasikia upande wa Mama tu, na kila simu ilianza vile vile: "Nisamehe mwanangu, sikukuona." Unamjibu kidogo, halafu anasema "haya, nenda kazini," naye anabaki ameishika simu. Mara moja nilikupigia kwa siri nikasema tumwambie. Ukanijibu, "Ataumia mara mbili. Acha." Baada ya hapo ukaacha kupiga. Mama alidhani ni hasira. Mimi nilijua. Huwezi kuvumilia kumsikia mama yako akiomba msamaha kwa jambo ulilolifanya wewe.

Na pengine ningeendelea kuacha, kama ulivyosema, ila mwezi uliopita Garrett alikuja peke yake. Yuko mwaka wa pili sasa. Amepungua, au amezoea mlango wetu. Mama alimpikia, nikatafsiri ya kawaida, shule, ng'ombe wa baba yake. Akatuambia kocha ameleta tena walinzi wa mwaka wa kwanza, na mmoja wao anacheza nafasi yako, anakimbia kama wewe, anaingia kichwa mbele kama wewe. Wiki moja Garrett alimwona bafuni ameshikilia sinki, anatapika, na yule akamwomba asiseme. Garrett alikwenda moja kwa moja kwa daktari akasema. Yule kijana amewekwa nje mpaka msimu uishe. Wenzake wa mwaka wa kwanza wamemchukia Garrett. Wanahama meza akikaa.

"Hanisalimii," alisema. "Lakini nilimwona maktaba juzi, anasoma."

Halafu akatazama sahani yake. "Ningejua kuhusu Bi ningesema pia. Hakuna aliyejua."

Alikuwa anasema nami, kwa Kiingereza, na Mama alikuwa anangoja nitafsiri. Nilimwambia Mama, "Anasema angejua kuhusu Byamungu, angesema. Anasema hakuna aliyejua." Nilitafsiri neno kwa neno. Ilikuwa tafsiri sahihi kabisa, na ilikuwa uongo, na uongo huo ulikuwa wangu.

Garrett alipoondoka Mama alikuwa anaosha sufuria. Nikamwambia, "Mama, kaa." Alikaa na povu mikononi. Nikamwambia kwamba nitamtafsiria upya yule daktari wa timu. Nikaanza mwanzo: alivyouliza kama anataka mkalimani. Sentensi moja, nanyamaza, sentensi nyingine, nanyamaza, kama alivyosema yeye. Sikusahau hata moja. Maneno niliyokwisha kuyasema mara nyingi huwa yananipotea. Yale nimebaki nayo yote.

Hakupiga kelele. Povu likakauka mikononi mwake.

"Alisema nipige simu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mwanga, na kusahau, na ile hasira? Yote aliyataja?"

"Yote."

Alitazama mlango wa chumba chako. Kisha akasema polepole, si kwangu, "Kumbe niliona." Na tena: "Kumbe niliona, Neema. Mapazia niliyaona. Maziwa kabatini niliyaona. Niliona kila kitu. Sikuambiwa tu ninachokiona ni nini."

Akalia, lakini si kile kilio cha hospitalini.

Siku tatu hakusema nami ila habari za chakula. Usidhani ilikuwa rahisi. Nyumba ya watu wawili ikinyamaza, inanyamaza yote. Siku ya nne aliniita sebuleni, akakaa wima kama alivyokuwa akikaa mbele ya darasa, akasema: "Nilikufanya mdomo wangu ukiwa na miaka minane. Hilo ni langu, na nitaliacha. Kunidanganya ni kwenu wawili, na hilo siwabebei." Wiki iliyofuata alikuwa na miadi ya presha yake kliniki. Nilivaa koti kumsindikiza. Akasema nibaki nikasome. Baadaye aliniambia alifika dirishani akasema maneno mawili tu ya Kiingereza aliyofanyia mazoezi, "Swahili, please," nao wakaleta simu.

Simwoni amepona, kaka. Leo nimekuambia habari ya blanketi. Anakonda. Na najua kusema kweli hakurudishi kitabu kwenye macho yako wala nafasi yako uwanjani. Mwingine anacheza pale, na mwaka ujao atakuja mwingine. Nakuambia mambo yalivyo.

Lakini Mama ameisoma barua hii. Amesahihisha mahali pawili kwa kalamu nyekundu na kunirudishia, nikaondoka mpaka mlangoni. Hapo akasema, "Na huyo mwingine, akipiga, nina maneno naye. Mengi." Uso wake ulikuwa mkali, ule wa zamani, ambao hatujauona tangu Novemba ile.

Kwa hiyo hatakuomba msamaha tena. Hakuna tena simu ya namna ile ya kukimbia. Atakugombeza, kaka, kwa Kiswahili fasaha, bila kupumua, na sidhani kama nimewahi kufurahi hivi kwamba mtu atagombezwa. Wakati wa mapumziko yenu kiwandani, mpigie. Namba yake ni ile ile. Usipige kwangu uniombe nimwambie, kwa sababu sitamwambia. Nitatoka nje, nitafunga mlango, niwaache wawili.

Mdogo wako anayekungoja,
Neema